Blanketi Lililopoteza Harufu ya Duka

Nikikutana na harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu nguoni, naiona tena Makambako na ukungu wake, na mjomba akitoka dukani amekumbatia blanketi kama mtoto mchanga. Nilikuwa na miaka saba.

Kila duka pale lilikuwa na harufu yake. La vitambaa lilinukia udi, la sabuni lilinukia malimau. Hata ukifumbwa macho ungejua umefika wapi. La mablanketi, lenye picha ya Mfalme wa Uingereza ukutani, lilinuka naftalini mpaka machozi yakutoke, na kwetu Njombe hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya kitu kipya. Tatizo, mimi sikuwa nimeambiwa.

Blanketi lilikuwa la bibi yake mchumba wa mjomba. Bila hilo, hakuna mke. Nami nikamhurumia huyo bibi: atalalaje na uvundo ule? Basi siku mbili kabla ya kupeleka mahari nikalitoa kimyakimya, nikalitundika juu ya moshi wa jikoni, kisha nikalikunja na majani ya mchaichai. Likanukia kama nyumbani. Nikajiona fundi.

Kwa wakwe, Mjimwema, shangazi wa binti alilikunjua, akazamisha pua. Akanusa tena.

"Hili limelaliwa," akasema.

"Shangazi, nimelinunua juzi!" Mjomba alikuwa ameshapauka.

"Pua yangu haidanganywi, baba. Kunjeni, mrudi nalo."

Mjomba akaanza kulikunja kweli, taratibu. Nikaropoka: "Ni mimi! Lilikuwa linanuka, nikalifukiza ili bibi asiumwe kichwa!"

Bibi, aliyekuwa ameketi karibu na moto, akanyoosha mikono apewe. Akalipapasa, akajifunika gubigubi. Tukasubiri. Sauti ikatoka humo ndani: "Binti aende. Mimi sitoki humu."

Nilikuja kuelewa baadaye sana, nilipotumwa duka lile nikamwona mwenye duka akipachika vidonge hata kwenye mablanketi mepesi, yale unayoona jua upande wa pili. Jamani, shangazi hakuwa mkorofi. Alikuwa amezoeshwa kununua kwa pua. Nami, mwanafunzi mwema, somo nikalishika. Muhula uliopita nililifungia sweta langu kuukuu sandukuni na vidonge vitatu, na sasa kuna mwenzetu bwenini aliyelinunua kwangu, analivaa Jumapili tu, kwa kuogopa kulichakaza.