Nilivyomrusha Mchumba Wangu

Watu wa Kalemie wakisema mimi ndiye mwanamke wa kwanza kucheza dansi ya swingi mjini, sikatai. Ila aliyetufundisha ni padri, na sidhani kama mwenyewe alijua.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Padri alituonyesha sinema kwenye ukumbi wa parokia, na katika moja watu walicheza swingi. Kila sketi ilipoanza kupanda, alitia kiganja mbele ya taa ya mashine, ukuta ukawa giza. Alipokiondoa, mwanamume na mwanamke walikuwa wamebadilishana upande, wanacheka. Hapo katikati kila mtu alijijazia.

Mchumba wangu, karani wa bandarini, alisema bila shaka mmoja alimrusha mwenzake. Nani alimrusha nani? Tukatazamana. Yeye kazi yake kushika kalamu, na shati lilimpwaya kama la kuazima. Mimi tangu utotoni nilipanda kilima na vikapu vya ndakala, wale dagaa wa ziwani, kichwani. Hatukubishana. Nikamshika kiuno, nikamrusha.

Tulifanya mazoezi uani kwetu mpaka akajua kutua kwa miguu. Mwanzoni alitua kwa viungo vingine vyote. Kisha tukaingia kwenye dansi za Jumapili mchana, na watu wakapanda juu ya viti kututazama. Vijana wa mjini wakaanza kutafuta wasichana wenye mabega. Nilijivuna, tena sana.

Ndipo mama yake mchumba akapanda boti kutoka Moba kuja kunitazama kabla ya kuleta posa. Alikuwa mjane mwenye mtoto huyo tu, mkali, mtu wa kanisa. Akikataa, hakuna ndoa, na yule karani nilimpenda kweli. Tukaapa Jumapili ile hatuchezi.

Lakini njia ya kutoka misa ilipita mbele ya baa ile ya dansi zetu. Watu wakatuvuta ndani, mama akapewa kiti na limonadi, muziki ukaanza. Mchumba akaninong'oneza nimzungushe tu, basi. Nikamzungusha. Yeye, kwa mazoea, akaruka.

Ningemwacha aanguke mbele ya mamaye? Nikamdaka, nikampitisha juu ya bega, nikamtua upande wa pili kwa kishindo. Mama akaweka glasi chini, akatoka.

Tulimfuata hadi nyumbani kwa mwanawe. Nilikuwa nalia waziwazi, posa nimeshaizika. Mlangoni alimwambia mwanawe aingie ndani, kisha akanishika mkono, akaupapasa hadi begani kama anayekagua kuni.

"Nilikuwa nawaza, siku nikikufa, nani atamubeba huyu mutoto," alisema. "Sasa nimeona. Lakini kumushusha, Mama, umushushe pole-pole. Ndiye mumoja tu niko naye."