Ombi Lisilo na Jina

Kila alfajiri, kabla basi la kwanza halijapita mbele ya nyumba yetu ya mtaa wa Black Rock, mama huweka simu juu ya friji, huifungulia sauti, na jiko letu hujaa wanawake. Wengine wako hapa hapa Buffalo, wengine Columbus, wengine Louisville. Tunaiita laini ya maombi. Mtu anapiga namba, anataja mji wake, anangoja zamu, anatoa ombi. Mama hutoa lake huku akifunga chakula cha kubeba kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Tangu nimalize chuo, ombi la mama lilikuwa mimi.

"Mutuombee mutoto yangu. Kesho iko na intavyu. Ile kazi ya kufundisha batu namna ya kulinda siri zao."

"Amina," ikasema miji mitatu.

Nilikuwa kitandani, upande wa pili wa ukuta, macho wazi. Nilichosomea chuoni ndicho hicho: nani ana haki ya kujua nini juu yako, na kwa ruhusa ya nani. Kazi ile sikuipata. Hilo nalo likatangazwa kwenye laini. "Bado Mungu hajafungua mlango," mama alisema juu ya friji, na wanawake wakafunga kula kwa ajili yangu.

Mtu niliyemwonea wivu alikuwa binti wa mama mkubwa, yaani dada mkubwa wa mama, anayekaa Columbus. Kwa desturi yetu yule ni dada yangu. Tulitoka kambi moja ya wakimbizi, tukafika Amerika mwaka mmoja, tuna umri mmoja. Alipoanza chuo hatukujua, tulijua alipomaliza. Alipochumbiwa tulipata habari kwa kadi ya mwaliko. Kama aliwahi kuanguka mtihani, hakuna mtu wa kulithibitisha hilo. Habari zake zilitufikia zimeiva, zangu zililiwa mbichi. Nilijiambia kwamba sina wivu na kazi yake wala gari lake. Gari kidogo. Nilichokitamani hasa ni ule mlango wake, ambao ulikuwa umefungwa, watu wakauheshimu.

Ndipo tukaenda Louisville, kwenye harusi ya jamaa, ukumbi uko Shively, pembeni mwa mji. Mama anayeongoza laini, mkaaji wa huko Shively, ndiye aliyekuwa akigawa sombe, yale majani ya muhogo, kijiko kikubwa mkononi. Nilipofika mbele yake alisimamisha kijiko hewani.

"Eh, mutoto ya Buffalo! Ile kazi walikukatalia kweli? Na sisi tulifunga kula juu yako, mpaka tumbo yangu ikalia!"

"Asante, mama."

"Labda ulijibu haraka. Wewe unafikiriaka sana, halafu unajibu haraka."

Foleni yote ilicheka, hata watu nisiowajua, na wao walionekana kunijua. Dada yangu alikuwa nyuma yangu, kijiko kikamgeukia.

"Na wewe, mama? Habari ya Columbus?"

"Nzuri, mama."

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana."

Akapewa sombe, akaongezewa nyama, akapita. Nilikaa mezani nikilirudia lile neno. Nzuri. Mimi nikisema nzuri, linafuata swali. Yeye akisema nzuri, inafuata nyama. Nilichunguza sauti yake, mabega yake, alivyoshika sahani. Kwa nini kwake ilitosha?

Kilichonitesa zaidi kilikuwa kwenye simu yangu, ambayo njia nzima niliiweka kifudifudi mapajani. Ofisi nyingine, mtaa wa Lower West Side kule Buffalo, iliniita kwa kazi ya namna ile ile. Waliniomba niandae somo fupi: utamjibu nini mtu anayesema hana cha kuficha, kwa hiyo faragha haimhusu? Mama hakujua. Nilitaka mara moja tu niingie chumba kile peke yangu. Nikishindwa, nishindwe bila miji mitatu kunifungia kula. Lakini mama yangu husoma uso wangu kama saa ya ukutani, na niliona amekwisha kuanza.

Wakati wa kurudi tulilala Columbus kwa mama mkubwa. Baada ya chakula mimi na dada yangu tulisimama kwenye sinki, yeye akiosha, mimi nikifuta. Nilimwuliza, nadhani kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia.

"Wewe unafanya namna gani watu wasijue mambo yako?"

Aliendelea kuosha. "Mama yangu haiko kwenye laini. Alitoka zamani."

"Kwa nini?"

"Wakati ule alipata kisukari. Aliomba maombi, kama kila mtu. Bon, mama mmoja kwenye laini alikuwa anafanya naye kazi kwenye ghala. Akaenda kwa msimamizi kumwombea: mumpe kazi nyepesi, ni mgonjwa. Moyo mzuri kabisa. Msimamizi akaanza kumpunguzia siku za kazi. Mwisho hakumwita tena."

"Na yule mama?"

"Alilia sana. Alituletea kuku." Alinipa sahani. "Usifikiri tulifunga mlango kwa maringo."

Usiku ule nilipitia kichwani kila sheria niliyosoma. Sheria ya siri za wagonjwa inamfunga daktari, inaifunga bima. Haimfungi mama anayesema amina. Na hata hapo, aibu kusema, bado nilimwonea wivu. Alikuwa na mfano ambao ningeupeleka kwenye usaili, na haukuwa wangu wa kupeleka.

Tulipofika Black Rock nilimwambia mama yote: usaili, ofisi, siku. Nikamwomba asilitaje jambo hilo kwenye laini.

Aliweka begi chini. "Unanikataza kuomba?"

"Hapana, mama. Mwambie Mungu."

"Namwambiaka."

"Wale wengine wasijue."

"Wale ndio walinishika mkono baba yako alipokufa. Miaka yote naomba nao. Donc, basi leo ninyamaze kama mgeni?"

Nilikuwa na cheti cha kufundisha jambo hili. Nilisema tu, "Nikishindwa tena, mama, nataka kulia kwanza. Halafu ndiyo wajue."

Akaenda kuvua viatu.

Alfajiri ya usaili niliamka kabla yake. Nilimsikia akiweka simu juu ya friji. Miji ikajitaja. Zamu zikapita: mguu wa mtu, hati za mtu, mume wa mtu. Nilikaa kitandani nimeshika shuka. Zamu ya Buffalo ikafika.

"Niko na ombi moja," mama alisema. "Mungu analijua."

Sauti ya kiongozi, kule Shively, ikauliza: "Ombi ya nani, mama?"

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa Mungu. Mutaomba ao hamutaomba?"

Mtu akacheka. Kiongozi akakohoa. Nilingoja aulize tena, kwa sababu namfahamu. Badala yake ikaingia sauti ya chini sana, ya mwanamke nisiyemjua, ambaye sikuwahi kumsikia akiomba kitu kwenye laini ile. "Columbus. Mimi pia niko na moja ya namna ile."

"Na mimi," akasema mwingine.

"Bon," kiongozi akasema. "Basi tuombe."

Wakaomba. Mama alipaza sauti kuliko wote, akigonga kifuniko cha bakuli la chakula, na hakunitaja.

Somo langu Lower West Side nililianzia hapo, kwenye simu ya mama, baada ya kumwomba ruhusa. Majibu ya kazi ile yalikuja. Ninayajua mimi, na mama anayajua. Juzi dada yangu wa Columbus aliandika: "Na habari ya kazi?" Nikamjibu, "Nzuri." Niliona anaandika, akaacha, akaanza tena, akaacha; swali halikufuata.