Mvivu wa Kwenye Tangazo la Chai

Wallahi leo nimemtukana mtu naye yupo nyuma yangu ananisikia.

Nipo hotelini Magongo, huku kwetu Pwani, mahamri na mbaazi mezani. Kwenye televisheni likaja lile tangazo la majani ya chai.

Mpwani kalala mkekani, kofia usoni, mguu kaunyoosha. Anatokea mwanajeshi kutoka bara, kifua mbele, na kikombe mkononi: "Amka, mvivu! Wenzako tunalinda nchi!"

Hoteli nzima ikaangua kicheko.

Nikapandwa na hasira. Kila tangazo sisi ndio wa kulala! Nikasema kwa sauti, "Na huyo aliyekubali kulazwa hapo hana haya!"

"Ni mimi, mwanangu."

Nikageuka: Mzee Charo, jirani yangu. Mwanajeshi mstaafu.

Nikaliweka hamri chini.

"Niliomba niwe yule mwanajeshi," akasema. "Wakaniambia sina sura ya jeshi. Wakanilaza mkekani. Wakapenda nilivyonyoosha mguu, eti huo ndio uvivu wenyewe."

Jamani, mguu ule haukunjiki. Haukunjiki tangu alipopigwa risasi akiilinda nchi hii hii.

Haya, nyinyi mnaolichekea tangazo hilo, chekeni tena hapa chini niwaone.