Sauti Moja Ndefu, Mbili Fupi

Juma lililopita mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka mtaa wa Hewa Bora. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa inawaka taa, lakini kioo kilibaki cheusi. "Tantine, nifanye namna gani?" Nikamwambia anyamaze kwanza, asikilize mashine inalia mara ngapi. Akacheka. "Tantine, za siku hizi hazilie!" Dawa yake tukaipata, ulikuwa waya uliolegea tu. Lakini nilipokata simu nilibaki nimekaa hadi chai ikapoa, mawazo yangu yote yakiwa mtaani Kamalondo, enzi za Zaire, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Nilikuwa nikiishi kwa nyanya yangu mzaa baba, pamoja na dada mdogo wa baba, ambaye mimi nilimwita tantine. Ungemwona asubuhi, msomaji wangu, ungempenda: pagne, kitenge chake, imenyooshwa kwa pasi ya makaa, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Ving'ora vya mgodi vilipolia, nyanya alikuwa ameshapasha bukari, ugali wetu, na dagaa kapenta za jana. "Kula, mama, kazi haikimbie," alimwambia kila siku, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao Mitwaba, na tantine alikula amesimama.

Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shule moja ya sekondari. Kwa miaka miwili aliandika barua kwa wamisionari wa ng'ambo, akiomba kompyuta ya kuwafundishia wasichana walioacha masomo. Walimu wengine walimcheka. Halafu siku moja sanduku likafika kwa lori kupitia Zambia, limejaa vumbi jekundu, na mimi nikajisifu darasani wiki nzima.

Ijumaa likafunguliwa mbele ya walimu wote. Nilikuwa nimetoka shule, nikasimama mlangoni. Tantine akabonyeza kitufe. Feni ndani ikaanza kunguruma, mashine ikalia, na kioo kikabaki cheusi kama sufuria ya nyanya yangu. Akazima, akaangalia waya, akazungusha kitufe cha mwanga, akawasha tena. Mara tatu. Giza.

Mwalimu wa fizikia akainama, akagusa kioo kwa kidole. "Imeungua. Citoyenne aliiwasha mubaya." Enzi hizo wote tuliitana "raia" kwa Kifaransa, citoyen na citoyenne.

Préfet, mkuu wa shule, alijinyoosha ndani ya abacost yake, koti la wakubwa lisilo na tai, akasema Jumatatu mashine itarudishwa kwa walioileta. Kisha akaketi, akaanza kutamka barua ya onyo ili iandikwe: kwamba mpiga chapa ameharibu mali ya shule kwa kukosa uangalifu, na akikosea tena, atafukuzwa. Na nani wa kuipiga chapa? Ni yeye mwenyewe tantine. Nilimwona akiigonga neno kwa neno kwenye taipureta yake ya zamani, bila kukosea hata herufi moja. Préfet akasema ataitia sahihi Jumatatu. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni, mezani, tantine hakula. Vidole vyake vilikuwa vinagonga ubao: mdundo mmoja mrefu, miwili mifupi. Tena vilevile.

"Unasikia?" akaniuliza. "Iko inalia vile tu. Mara zote tatu. Kitu yenye ilikufa haiwezi kusema neno moja mara tatu."

Kitabu kilichokuja na mashine, ambacho tantine alirudi nacho, kilikuwa cha Kiingereza, na nyumbani kwetu Kiingereza hakikuwapo. Lakini jirani yetu, mama muuza beignets, yaani maandazi, alikuwa amekulia Ndola kule Zambia, nchi ya Kiingereza, baba yake akifanya kazi ya mgodi huko. Jumamosi asubuhi na mapema tulimkuta mbele ya karai lake. Akafuta mikono, akafungua kitabu, akasoma polepole kwa kidole, akiacha alama za mafuta kwenye kila ukurasa. Mafuta yalikuwa yanachemka, wateja wananung'unika, yeye anasoma tu. Ghafla akapiga paja lake.

"Njo hii! Sauti moja murefu, mbili mufupi. Banasema angaria carte ya picha. Labda iliachana na fasi yake."

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya usafi, kwa hiyo walimu wote walikuwa uwanjani shuleni na majembe na mafagio. Tantine alienda moja kwa moja kwa préfet.

"Citoyen préfet, niko naomba saa moja na ile mashini."

"Na ukiiharibu zaidi?"

"Barua moja iko tayari. Utaongeza ya pili."

Préfet alimtazama, halafu akampa ufunguo.

Tantine alichomoa waya wa umeme kwanza. Akafungua skrubu moja moja, mimi nikizipokea kwenye kiganja. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu la barabara, na kati ya vibao vilivyosimama, kimoja, ile carte ya picha, kilikuwa kimeinuka upande mmoja, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akakitoa. Akaniomba ufutio wangu wa shule, akasugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu mpaka yakang'aa, akapuliza, akakirudisha, akakikandamiza kwa vidole gumba viwili. Kikasema *tak*.

"Washa wewe," akaniambia. "Ufutio ni yako, na kitufe ni yako."

Nikabonyeza. Feni. Kisha sauti moja tu, fupi. Na katikati ya weusi ule zikaanza kutokea herufi za kijani, mstari kwa mstari. Tantine alipiga kigelegele ambacho kiliwatoa walimu wote uwanjani. Walijazana dirishani na majembe mabegani. Mwalimu wa fizikia aliingia, akainama mbele ya kioo.

"Ulijua namna gani?" akauliza.

"Ilikuwa inasema. Mi nilisikia tu."

Préfet naye akaja, vumbi limemjaa viatuni. Tantine akasimama wima. "Citoyen préfet, ile barua ya jana, niipige tena kwa hii ordinateur?"

Préfet akacheka hadi akashika mlango. Akaingia ofisini kwake, akaitoa barua, akaichana vipande vinne mbele yetu. Jumatatu wasichana kumi na wawili walipanga viti mbele ya mashine moja, na tantine akaanza kuwafundisha.

Leo ofisi ile imekuwa duka la kadi za simu. Taipureta ilipotea, mashine iliishia kwa wanunuzi wa vyuma, mama wa beignets alirudi Ndola, na nyanya na tantine wote wamelala makaburini. Sivililii vyuma. Ninachokumbuka kwa uchungu mtamu ni mchana ule wa Jumamosi tulivyorudi nyumbani: mwanamke wa miaka ishirini na mitano akitembea katikati kabisa ya barabara ya Kamalondo, fagio lake la salongo begani kama bunduki ya mshindi, akimsalimu kila fundi cherehani na kila mteja wa baa kwa jina lake. Baiskeli zikampisha. Na mimi nyuma yake, kifua mbele, nikiwa na hakika kwamba mji mzima ni wetu.