Mgeni Aliyetaka Shikamoo

Sikusimuliwa na mtu, wala sikuota. Nilikuwa macho, nimekula mihogo yangu asubuhi, akili zangu timamu. Ukitaka kucheka cheka, lakini wallahi haya yalinikuta mimi, humu humu ndani kwangu Zinga, tena mchana kweupe!

Mjukuu wangu Mwanaidi ni fundi simu, ana kompyuta yake ya gemu. Gemu la vita vya zamani, vya mapanga na farasi na watu waliovaa chuma mwili mzima. Mimi shule niliishia la pili, lakini gemu lile nalijua, kanifundisha yeye. Ukitaka, unalitazama toka juu kama kunguru, unawapanga watu: huyu alime, yule ajenge ukuta, hawa wakalinde. Ukitaka, unaingia ndani ya askari mmoja unapiga upanga mwenyewe. Raha yake, acha! Kuna mmoja ana farasi mweupe, amri hasikii. Nikamwita Marehemu, maana mume wangu alikuwa vile vile.

Basi Mwanaidi alijenga ngome yake miezi na miezi, Jumamosi aende nayo mashindanoni Dar. Siku hiyo akaniambia, "Bibi, nakwenda Mlingotini mara moja, napeleka simu ya mtu. Gemu naliacha linawaka, usiguse. Ngome ikichomwa ndiyo basi, hairudi."

"Niguse nini mie? Nenda zako."

Hata barabarani hajafika, nimeshagusa.

Nilitaka tu kumtembeza Marehemu na farasi wake. Nikafungua lango. Kumbe maadui wamejificha porini! Wakaja na ngazi, wakaja na mienge ya moto, wengi kama siafu. Jasho linanitoka, watu wangu wote nawapeleka ukutani, na wote wanaanguka. Miezi yote ya mtoto wa watu inateketea, na mwenye makosa nani? Mimi!

Hapo nikasikia mlangoni, "Hodi." Nikaitika, "Karibu," bila kugeuza shingo. Jua la utosi, saa zile mama zetu walizokuwa wakitukataza kutoka nje, nami naitika mtu nisiyemwona!

Akaingia binti wa miaka ishirini hivi, kajifunga kaniki nyeusi, ananuka moshi. Akasimama nyuma yangu. Shikamoo hanipi! Nikasema moyoni, watoto wa siku hizi hawa. Na kama unawaza majini, hata mimi niliwaza, nikamtazama miguu kwanza. Miguu ya mtu kabisa, ina vumbi.

"Ukuta umekwisha huo," akasema. "Waondoe watu wako. Waweke kisimani."

"Kisimani? Na moto huu?"

"Wale wamevaa chuma, na jua hili. Watataka maji. Njia ya kisimani nyembamba, watakuja mmoja mmoja." Kisha akasema polepole, "Sisi tulilinda ukuta. Kisima tukakiacha."

Sisi kina nani? Ningeuliza saa ngapi, jamani, ngome inaungua! Nikawarudisha wote kisimani. Nikaingia ndani ya Marehemu, nikaziba kile kinjia. Wakaja! Wa kwanza, pa! Wa pili, pa! Napiga kelele, kanga imenianguka, mpaka jirani akauliza toka uani kwake, "Bi Mkubwa, unaua nyoka?"

"Naua wengi!"

Waliobaki wakageuza migongo wakakimbia. Niamini, nilirukaruka kama msichana. Ukuta umeungua nusu, lakini ngome imesimama!

Nikageuka kumshukuru. Kanikazia macho, katulia, kama mtu anayesubiri haki yake. Mwili ukanisisimka wote. Nikajikuta nasema, mimi mwenye vitukuu, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Nina kiu."

Nikakimbilia mtungi, nao uko hapo hapo mlangoni, angetoka angenipita. Nageuka na kikombe, hayupo. Harufu ya moshi tu. Nikatazama kompyuta, kikombe kikaniponyoka. Pale kisimani, katikati ya askari wa chuma, kainama mwanamke wa kaniki, anakunywa maji kwa viganja. Anakunywa, anakunywa, hamalizi.

Mwanaidi aliporudi nikamweleza yote huku nalia. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Bibi, huyu nani kamweka?" Akajaribu kumfuta, hafutiki. Akaenda naye Dar hivyo hivyo, na ukuta wa nusu, na hakuna aliyeiteka ngome ile. Wenziwe wakamganda, yule mwanamke kampata wapi? Akawaambia, "Mgeni wa bibi yangu."

Mpaka leo yumo. Kila nikishasali adhuhuri nafungua kompyuta, naweka kikombe cha maji pembeni, nampa shikamoo yake. Anainua kichwa. Siku nyingine kikombe nakikuta kitupu, nami paka sifugi.

Nawe ukisikia hodi jua la utosi, geuza shingo kwanza ndipo uitike. Na ukiona binti kaingia hakuamkii, usimgombeze. Muamkie wewe, umpe maji upesi.