Ngurumo na Mashine ya Jua

Mtaa mzima ulimwita Ngurumo. Si kwa sauti yake, maana yeye huongea kama mgonjwa, bali kwa injini ya dizeli iliyozungusha mashine yake ya kusaga mahindi. Ikiwaka asubuhi, hata mlevi aliamka akatubu.

Kisha ushuru wa mafuta ukapanda. Ukapanda tena, kama mgeni aliyeambiwa karibu akahamia na kitanda. Ngurumo akipandisha bei ya kusaga, akina mama wananuna. Asipopandisha, dizeli inamtafuna yeye. Mwishowe akamuuzia injini msagaji mwenzake wa ng'ambo ya barabara, akanunua paneli za sola na mota ya umeme.

"Jua halitozwi ushuru," akajigamba.

"Sema polepole, baba watoto," mkewe akamjibu. "Wakisikia, watalipima kwa lita."

Msimu wa mawingu ukaingia. Jua likawa linachungulia mchana kidogo, halafu linajificha kama baba aliyeulizwa ada ya shule. Wateja walikuja asubuhi, wakakuta mota imesinzia, wakavuka barabara na ndoo zao.

"Jirani, jua lako limeamkaje leo?" muuza mkaa alimtania.

"Linaoga," akasema Ngurumo. Hakucheka.

Siku mawingu yalipofunguka, kibanda cha mashine kilijaa watu, naye akapagawa kwa furaha. Fundi aliyemfungia mota alikuwa amemwonya: mota hii iwashe ikiwa tumbo tupu, izunguke kwanza, ndipo umimine mahindi. Lakini mikono nayo ina akili yake. Injini ile ya dizeli ilikuwa na ubavu. Miaka yote alijaza mahindi pomoni kwenye mdomo wa mashine, halafu ndipo akaiwasha. Akajaza. Akawasha. Mota ikaguna, ikatetemeka, kisha harufu ya nyaya zilizoungua ikawatoa wateja mbio.

Fundi aliifungua, akaifunga. "Hii ni ya kuzika, mzee. Tafuta nyingine."

Nyingine aitoe wapi? Akaketi juu ya gunia tupu. Jua, sasa, liliwaka juu ya bati bila haya.

Ng'ambo ya barabara injini yake ya zamani ikanguruma. Aliijua kwa kikohozi chake, kama mzazi anavyokijua cha mwanawe.

Mkewe akapita mbele yake na ndoo ya mahindi kichwani.

"Unakwenda wapi, mama watoto?"

"Kusaga," akasema, bila kugeuka. "Watoto hawali jua."