Jino la mdogo wangu limeokolewa, langu ni pengo

Leo nimeonea wivu jino. Jino la mtu.

Mdogo wangu Atieno alivunja gego jana akila githeri ya mahindi na maharagwe, aliuma kokoto. Asubuhi nikamsindikiza kwa daktari wa meno hapa mtaani kwetu, Tena.

Daktari akamchungulia, akasema, "Kiini cha jino kimeonekana kidogo tu, na bado ni kizima. Nitakifunika na dawa, halafu nizibe juu. Jino halitoki."

Jamani, roho iliniuma.

Gego langu la upande huohuo lilivunjika nikiwa na umri kama wake. Nilikaa nalo miezi, naogopa daktari, mpaka likang'olewa. Hadi leo natafuna upande mmoja.

Nikabaki kwenye benchi nimenuna. Atieno akatoka anatabasamu, shavu bado lina ganzi.

"Mbona umekasirika, dada?"

"Wewe umewahi. Mimi sikuwahi."

Akanishika mkono. "Si nilikuwa nakusikia ukilia na lile jino? Ndiyo maana sikungoja."

Nikainuka, tukarudi nyumbani.

Wivu bado upo, sitawadanganya. Lakini nimempikia uji, na nimeupoza mwenyewe.

Wenye mapengo mko wapi? Mnanielewa?